Mnara wa Siloamu, Watoto wa Dhaka na Mlango Wetu

Masomo: Luka 13:1-5, Kumbukumbu la Torati 22:8



Watu wengi wametuuliza kwa nini katika maombi ya kanisa tunaendelea kuwataja watoto wa Dhaka. Wengine wameuliza kwa upole, wengine kwa hasira kidogo: sisi hatuna wafu wa kutosha hapa kwetu, hata tukawaombolezee watu wa ng'ambo ya bahari? Ni ulizo la haki. Tumeona vema kulijibu hapa, polepole, kwa maana ndani yake kuna jambo lililoligawa hata baraza letu la wazee, na kuna jambo lingine ambalo sisi wenyewe tunapaswa kuungama mbele yenu.

Kwanza tuseme yaliyotokea, kwa sababu yamesimuliwa kwa namna nyingi. Tarehe 21 Julai 2025, siku ya Jumatatu, ndege ya kivita ya jeshi la anga la Bangladesh iliruka kutoka kambi yake katika mji mkuu Dhaka, saa saba na dakika sita za mchana. Ilikuwa ndege ya aina ya F-7, iliyotengenezwa China. Haikuwa ikienda vitani. Ilikuwa safari ya mafunzo. Ndani yake alikuwamo mtu mmoja tu, kijana Luteni Towkir Islam, akirusha peke yake, bila mwalimu wa kumshika mkono. Zikapita dakika chache. Ndege ikaanguka juu ya jengo la orofa mbili la Shule ya Milestone, mtaa wa Uttara, saa ile watoto wadogo walipokuwa wakimaliza masomo na wazazi wamekuja kuwachukua. Mafuta yakawaka. Waliokufa walipita 30, wengi wao watoto, na rubani naye pamoja nao. Walioumia walipita 100, wengi kwa moto. Mwalimu mmoja mwanamke alikuwa amekwisha kutoka. Akarudi ndani kuwatoa watoto, akarudi tena, mpaka mwili wake ukaungua wote. Alikufa usiku uleule hospitalini. Serikali yao ilitangaza kwamba kesho yake iwe siku ya kilio ya taifa zima.

Hayo ndiyo tunayoyajua. Mengine mliyosikia sokoni, yaacheni sokoni.

Sasa, Bangladesh si jina la mbali hapa Bunia. Tangu miaka ya vita vyetu, askari wao wenye kofia za buluu walikaa kati yetu. Helikopta zao ziliruka kutoka uwanja wetu wa ndege, na watoto wetu walijifunza kuzipungia mkono. Kuna mama kati yetu waliouza nyanya na ndizi karibu na kambi yao, na wanajua mpaka leo maneno mawili matatu ya lugha yao. Na kuna Kafé. Tarehe 25 Februari 2005, huko Kafé katika Djugu, askari 9 wa Bangladesh waliviziwa na kuuawa. Walikuwa wakitembea doria kulinda wakimbizi wetu, watu wetu wenyewe waliolala chini ya maturubai. Ni wana wa Ituri waliowaua. Hatukuwajua majina, nao hawakuyajua yetu. Lakini mama 9 walilia katika nchi ile kwa sababu yetu. Basi mtu akiuliza Dhaka inatuhusu nini, tunamjibu kwanza hivyo: tuna deni la machozi, na ni la zamani.

Lakini tusiseme uongo. Habari zile zilipofika, machozi hayakuwa ya kwanza. Katika juma lile, kabla ya ibada, tulisimama chini ya mwembe kama kawaida yetu na tukasikia maneno ya namna tatu. Wa kwanza walisema: wale hawalikiri jina la Yesu, kwa hiyo Mungu amewapiga. Wa pili walikumbuka siku ambazo waliita msaada na msaada haukufika, wakasema: sasa nao wameonja. Na wa tatu, huyu alikuwa mama mmoja tunayemheshimu, mwenye kipaji cha kuona, alisema kwamba yeye alikwisha kuiona ndege ile katika ndoto, na ya kwamba nyuma yake kulikuwa na mkono wa mchawi.

Ndugu, maneno haya matatu yana baba mmoja. Yanatafuta sababu ya kifo ndani ya yule aliyekufa, au ndani ya adui wa siri, ili sisi tulio hai tuendelee na njia yetu bila kuulizwa lolote.

Bwana wetu alikwisha kuyasikia maneno kama hayo. Luka anatuambia kwamba watu walimletea Yesu habari za Wagalilaya ambao Pilato aliwaua wakati walipokuwa wakitoa dhabihu zao. Waliuawa wakiabudu. Waliomletea habari walingoja atoe hukumu: watu wale walikosa nini? Naye, badala ya kuwajibu, akaongeza habari nyingine ambayo hawakuileta: wale watu 18 walioangukiwa na mnara kule Siloamu. Hapo hakuna Pilato. Hakuna muuaji. Ni mawe tu yaliyoanguka juu ya watu waliokuwa wakipita. Akawauliza kama wanadhani hao walikuwa wakosaji kuliko wakaaji wote wa Yerusalemu. Akajibu mwenyewe kwamba sivyo. Kisha akawageukia wao na kudai toba yao.

Angalieni jinsi alivyofanya. Hakusema kwa nini mnara ulianguka. Alilichukua ulizo kutoka kwa wafu na kuliweka juu ya wenye uhai.

Tulikuwa tumeandaa kuhubiri hivyo, nusu ya kwanza ya hotuba ilikwisha kuandikwa. Ndipo usiku wa kuamkia tarehe 27 Julai 2025, siku 6 tu baada ya Dhaka, wauaji wa ADF wakaingia Komanda. Hamna haja ya kuelezwa Komanda ni wapi. Ni kama kilomita 75 tu kutoka hapa, na wengi wenu mna shamba au shemeji upande ule. Ndugu zetu Wakatoliki walikuwa katika mkesha wa maombi. Walikuwa wakiabudu. Watu zaidi ya 40 waliuawa, na watoto walikuwamo.

Siku ya Mungu ile hakuna aliyesema chini ya mwembe kwamba watu wa Komanda walikuwa wakosaji kuliko sisi. Hakuna aliyesema kwamba nao wameonja. Vinywa vilifungwa. Kwa nini? Kwa sababu tulizijua nyuso zao. Hilo ndilo lililotuchoma. Habari mbili za Luka ziliwekwa mbele yetu katika juma moja, waliouawa wakiabudu na walioangukiwa wakiwa katika kazi yao ya kila siku, na sisi tulikuwa na hukumu kwa wale wa mbali na machozi kwa wale wa karibu. Mungu hana mbali na karibu. Mtoto wa Uttara aliyekuwa akifunga daftari lake na mtoto wa Komanda aliyelala juu ya goti la mama yake katika mkesha, kwake ni mmoja na mwingine, kila mmoja kwa jina.

Tuseme pia juu ya mama yetu mwonaji, bila kumwaibisha, kwa maana tumekaa naye na amekubali tuandike. Kanisa letu ni kanisa la unabii. Hatutalikana jambo hilo, tulizaliwa nalo. Lakini unabii unaofika nyuma ya radio, tuupime mara mbili. Tulimwuliza: kama uliona, kwa nini hukutuambia kabla tuombe? Alinyamaza, kisha akasema kwamba aliona moto tu, na kwamba ndege iliingia katika ndoto baada ya kusikia habari. Tunamshukuru kwa kusema kweli. Wengi wangekuwa na haya. Na kuhusu mchawi, tumkumbuke Simon Kimbangu, aliye kama baba kwa makanisa mengi ya unabii katika nchi hii. Alipoanza kazi yake Nkamba mwaka 1921, jambo alilolitaka kwa nguvu ni watu watupe hirizi na sanamu walizozitegemea. Alikaa gerezani miaka 30, akafia humo katika mji unaoitwa leo Lubumbashi, tarehe 12 Oktoba 1951. Je, tumtafute tena mchawi nyuma ya kila jeneza? Hapa Ituri tunajua mwisho wa kutafuta hivyo. Bibi mmoja mzee hufukuzwa nyumbani mwake, na wengine hutendewa mabaya zaidi ya hayo.

Nchi yetu yenyewe imekwisha kuangukiwa na ndege. Tarehe 8 Januari 1996, ndege aina ya Antonov ilishindwa kuruka Kinshasa, ikaingia katika soko la Simbazikita, na watu zaidi ya 200 walikufa kati ya vikapu vyao. Tarehe 15 Aprili 2008 ndege ya abiria ilitoka nje ya njia pale Goma na kuvunja nyumba za Birere. Siku zile pia walisema uchawi. Lakini mwenye macho aliona ndege nzito, na soko lililosogea mpaka mwisho wa uwanja, na watu wenye amri walioona yote hayo kila siku wasifanye neno.

Na Dhaka je? Mwanzoni jeshi lao lilisema kwamba mashine iliharibika, na kwamba kijana alijitahidi kuielekeza ndege mahali pasipo watu wengi. Mwezi wa Novemba 2025 tume ya uchunguzi ikatoa taarifa yake: rubani alishindwa kuitawala ndege, ni kosa la urushaji. Kuna watu waliofurahi kusikia hivyo, kwa sababu sasa wana mtu wa kulaumu. Sisi hatuwezi kumrushia jiwe. Alikuwa mwanafunzi. Mwanafunzi hukosea, ndiyo maana anaitwa mwanafunzi. Ulizo ni la wale walioamua kwamba ajifunze juu ya paa za mji wenye mamilioni ya watu. Tume yenyewe ilishauri kwamba mafunzo ya mwanzo yafanyike nje ya Dhaka. Ushauri mwema, uliokuja baada ya makaburi.

Lakini neno lililotuamsha usiku lilikuwa lingine, nalo ni dogo. Tume ilisema kwamba jengo lile la shule halikufuata sheria ya ujenzi. Lilipasa kuwa na ngazi tatu. Lilikuwa na moja tu, katikati. Kama ngazi zingekuwa tatu, waliokufa wangekuwa wachache zaidi.

Ngazi moja! Tulisoma hapo mara nyingi. Ndege ni jambo kubwa, hakuna mzazi wala mwalimu awezaye kuizuia mbinguni. Ngazi mtu huijenga kwa matofali. Mtu fulani alihesabu matofali akaona mbili zinatosha kuachwa.

Musa aliandika sheria moja ambayo haihubiriwi sana, katika Kumbukumbu la Torati 22:8. Mtu akijenga nyumba mpya, na azungushe ukingo juu ya paa, ili mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Siku zile watu walikaa juu ya paa, walianika nafaka na kulala huko. Mungu wa Sinai, aliyetoa amri za kuua na kuiba na kuzini, alijishughulisha pia na ukingo wa paa! Wala hakusema kwamba aangukaye alirogwa. Alisema damu iko juu ya mwenye nyumba.

Hapa ndipo tunapokuja kwa toba yetu. Tumezoea kusikia neno kutubu na kufikiri juu ya pombe na uzinzi wa jirani. Wazee wenu wana jambo la kutubu, nalo lina vipimo: upana wa mlango mmoja.

Mnakijua chumba cha watoto nyuma ya kanisa. Kina paa la manjanja, madirisha mawili yenye antivole, na mlango mmoja unaofunguka kwa ndani. Tulikijenga hivyo baada ya vita, tukiwa na hofu ya wezi na watu wenye silaha. Wengi wetu tulikuwa hapa mwaka 2003, ndege za kivita za Wafaransa zilipopita juu ya mji kwa ngurumo ile, tukalala kifudifudi tusijue ni rafiki au adui. Watu waliopita katika siku hizo hupenda kuta nene. Katika mikesha, watoto hulala katika chumba hicho, wakati mwingine zaidi ya 60. Na ni sisi, baraza la wazee, tulioagiza kwamba mlango ufungwe kufuli kwa nje, na ufunguo ukae katika mfuko wa mlinzi.

Mwaka 2024, katika mkesha mmoja, koroboi ilianguka juu ya mkeka ndani ya chumba kile. Mkeka ukashika moto. Watoto wakapiga kelele, na sisi tulikuwa tukiimba kwa ngoma, hatukusikia. Mlinzi alikuwa amekwenda kando kidogo. Msichana wa miaka kama 12 alimwaga ndoo ya maji ya kunywa, moto ukafa. Mlinzi alipofungua, moshi ulitoka kwanza kabla ya watoto. Hakuna aliyeumia. Asubuhi tulitoa shukrani kwa muujiza, tukanunua mkeka mpya, na wazazi wengi hatukuwaambia. Kufuli ikabaki. Tuliuita muujiza ili tusiuite kosa letu. Mtusamehe. Wazazi wanaosoma hapa kwa mara ya kwanza kwamba mtoto wao alikuwamo, waje kwetu na kusema wanayotaka kusema. Tutakaa na kusikia.

Baada ya Komanda, baraza liligawanyika. Baba mmoja mzee, aliyepoteza ndugu katika vita, alisema kufuli ziongezwe, si kupunguzwa. Wauaji huingia mlangoni, alisema, na mlango wa pili ni mlango wao. Wengine walitaka mikesha iachwe kabisa. Vijana walisema kwamba mahali penye mlango mmoja ni mtego, awe ni moto au ni panga lililoingia. Tulibishana siku tatu za jioni. Hatutawaambia kwamba Roho alisema kwa sauti kubwa. Tulichoka, tukaomba, na yule baba mzee mwenyewe akaomba kwenda kukitazama chumba wakati wa usiku, taa zikiwa zimezimwa. Alisimama ndani, tukamfungia kwa nje kama tunavyowafungia watoto. Hakukaa muda mrefu. Alipotoka hakusema neno la Biblia. Alisema: "Fungueni ukuta."

Basi imekatwa hivi. Mikesha ya usiku kucha imesimama kwa wakati huu. Tutaomba jioni na watu watarudi nyumbani kabla ya giza nene, mpaka njia ziwe salama. Kufuli ya nje imeondolewa. Watakaolinda watakuwa wawili, watu wazima, wala hawatatoka pamoja. Ukuta wa mashariki wa chumba cha watoto utatobolewa na kuwekwa mlango wa pili, na milango yote miwili itafunguka kwa nje. Antivole ya dirisha moja itakatwa na kuwekewa bawaba na komeo la ndani, ambalo mkono wa mtoto unaweza kulisukuma. Pesa zitatoka katika matoleo yaliyowekwa kwa ajili ya saruji ya madhabahu. Madhabahu itangoja.

Ee Baba, wapokee watoto wa Milestone na mwalimu wao aliyerudi ndani. Mpokee kijana rubani, na uwafariji wazazi wake, ambao hata kilio chao kinatazamwa kwa jicho baya. Wakumbuke wale 9 wa Kafé, na wale wa Komanda waliokuja kukutafuta usiku. Utusamehe sisi tulioshika ufunguo. Katika jina la Yesu Kristo, Amina.

Kazi itaanza Siku ya Posho ijayo, saa mbili ya asubuhi. Fundi wa kuchomelea vyuma amekubali kuja bila malipo, lakini anahitaji mafuta ya jenereta. Wenye nyundo, patasi na toroli waje nazo. Matofali yanayotoka ukutani yasivunjwe. Tutayatumia kwa ngazi ya mlango mpya. Chama cha mama kitapika bugali na sombe. Watoto wasiletwe siku hiyo, kwa sababu ya vumbi.